Mbuzi wa Mtani

Bigwa, 10 Juni 1909

Kwa mume wangu mdogo Pazi, karani wa forodha, Dar es Salaam.

Marahaba, maana najua shikamoo umeshaitoa huko uliko. Mimi bibi yako Mwaisha ndiye nisemaye, Mwalimu Salehe ndiye aandikaye. Nimemwambia aandike kama nisemavyo, asinitie mdomoni maneno ya chuoni ambayo sijawahi kuyatafuna.

Babu yako amekufa. Sijui namna ya kulizungusha jambo hili, kwa hiyo kaa chini, lia kwanza, ukimaliza uendelee kusoma.

Amekufa vizuri. Alitoka shambani, akaegemeza jembe ukutani, akajilaza. Ikaadhiniwa alasiri, hakuamka. Ahmadi hakuwahi kuikosa alasiri hata alipokuwa na homa. Ndipo nikajua.

Nikakaa mkekani. Mama yako mdogo Shamsia akaleta uji, ukapoa. Akaleta maji, nikayashika tu mkononi. Watu wakaanza kunong'ona kwamba kaburi lichimbwe pana, huenda tukaingia wawili. Sikuwakasirikia. Hata mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo.

Asubuhi akaja Kibwana. Wewe humjui. Ni Mzigua wa kule Dakawa, mtani wetu, na baba yake alikuwa mtani wetu, na babu yake vilevile. Alikuja na ndugu zake kabla umande haujakauka, wakachimba kaburi mpaka jua likawa utosini. Sisi wenye msiba hatuchimbi.

Alipomaliza akaingia ndani bila hodi. Akatoka kavaa joho la babu yako, kofia ya babu yako, na fimbo mkononi, anatembea kama Ahmadi mwenyewe: goti moja linauliza njia, la pili linajibu. Akanisimamia pale mkekani akapaza sauti: "Mwaisha! Chumvi uliyonitilia juzi ndiyo iliyoniua, nawe unakaa hapo unajifanya mjane!"

Pazi, sauti ileile! Kikohozi kilekile! Niliinua mkono nimpige, kicheko kikatangulia. Nilicheka mpaka ushungi ukaanguka. Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena, na kila nikicheka nilisikia kifua kinafunguka kama mlango uliovimba kwa mvua.

Hakuishia hapo. Tulipofika makaburini tukamkuta kajilaza ndani ya shimo. "Hili limenitosha mimi," anasema. "Huyo Mluguru wenu msimamisheni kwenye mti, watu wa milimani hulala wima." Akakataa kutoka mpaka tuliponyamaza wote. Maana yake tumemkubalia achukue atakacho. Tulipomaliza kuzika, akaenda kumfungua yule beberu mwenye doa jeupe, ambaye babu yako alikuwa anamlea kwa ajili ya harusi yako, akaondoka naye akipiga mluzi. Hakuomba wala hakuaga.

Jioni ile nikala. Nikaomba na sahani ya pili.

Usihuzunike kupita kiasi. Sasa umebaki wewe peke yako mume wangu, jitahidi uote ndevu.

Mimi Mwaisha, kwa mkono wa Salehe.

(Mimi Salehe niliyeandika naongeza: kicheko makaburini sikukipenda, nami nililisema hilo waziwazi. Lakini kweli bibi amekula. Mungu amrehemu Mzee Ahmadi.)


Dar es Salaam, 19 Juni 1909

Kwa Bibi yangu mpendwa, Bibi Mwaisha.

Shikamoo. Barua yako imenifika. Niliisoma ghalani nyuma ya magunia ya kopra, mahali ambapo hapana mtu awezaye kumwona karani akilia. Babu ndiye aliyenishika mkono siku nilipoletwa shule ya serikali. Nilikuwa mdogo, nikamwuliza nitarudi lini, akasema, "Ukishajua kusoma jina langu." Sasa najua, naye hayupo.

Bibi, nakuomba radhi kwa nitakayoyasema. Nilipofika katika habari za yule mtu wa Dakawa, damu ilinichemka. Mtu anavaa nguo za maiti kabla maiti hajazikwa! Analala kaburini! Anamtukana mjane mbele ya waombolezaji! Kisha anachukua mbuzi wa marehemu mchana kweupe, na watu wazima wanamtazama! Najua ulicheka kwa sababu huzuni ilikuwa imekupoteza akili. Sikulaumu. Nawalaumu wanaume waliokuwapo.

Mimi sikuwapo kumtetea Babu, lakini nina kalamu. Nimemwandikia akida wa Morogoro kwa mkono wangu, na nakala nimeipeleka bomani, nikaeleza wizi ule na fedheha ile. Wanajua hati yangu, watalishughulikia upesi. Mbuzi atarudi, na mtu huyo atafundishwa adabu. Ni jambo dogo nililoweza kumfanyia Babu.

Jambo la mwisho. Tafadhali usiniite mume wako katika barua. Makarani wenzangu husoma juu ya bega langu. Mimi sasa ni mtu wa heshima hapa, na karani mkuu anakaribia kustaafu.

Mjukuu wako mtiifu,
Pazi bin Kibuga


Bigwa, 26 Juni 1909

Kwa Pazi.

Marahaba, ingawa leo naiitikia nikiwa nimekupa kisogo.

Mwalimu Salehe alinisomea barua yako. Nikaona karatasi imejaa pande mbili, lakini usomaji ulikwisha kabla sijamaliza kumenya muhogo mmoja. Nikamwambia, "Mwalimu, umeyameza maneno ya mjukuu wangu. Yatapike." Akayatapika. Ningekuwa na meno yote ningeuma karatasi.

Mtoto wewe, unajua umefanya nini? Askari wamekwenda Dakawa. Wamemkamata Kibwana mbele ya wanawe, wamemleta Morogoro kafungwa kamba kama kuni. Akida akamwuliza, "Ulichukua mbuzi?" Akasema, "Nilichukua." "Uliomba ruhusa?" Akacheka: "Niombe ruhusa kwa Waluguru?" Akida ni mtu wa pwani, hajui mambo yetu, akaandika kwamba mwizi amekiri tena ana kiburi. Wakamtaka mbuzi awe ushahidi. Mbuzi ameliwa! Aliliwa palepale kijiji cha pili, nusu ya walaji ni watu wetu, na mjomba wako Gabrieli wa misheni ndiye aliyemchuna. Wamepeleka ngozi. Imetundikwa bomani inanuka.

Bwana Mkubwa, yule Mdachi wa boma, yuko safarini upande wa Kisaki. Akirudi ataikata kesi, na watu wote wanajua ataikataje: hamsa ishirini, viboko ishirini na tano vya kiboko halisi, kisha mnyororo shingoni kwenye njia ya reli. Kibwana si kijana, Pazi. Ana umri wa mama yako.

Sasa nisikilize. Kosa ni lako, na kidogo ni letu. Watoto wa kwetu hawaendi makaburini, nawe ulichukuliwa ungali mtoto. Hukuwahi kuona mtani anavyofanya kazi yake, hakuna aliyekufundisha, na huko hakuna wa kukufundisha. Basi mimi nakufundisha. Mtani si mchekeshaji wa kukodiwa. Siku watu wote wanapokuonea huruma, yeye peke yake hakuonei. Wengine walinifuta machozi, wote wakawa kama wananifunika udongo pole pole. Yeye akanikemea kana kwamba bado ni mtu mzima mwenye chumvi yake na makosa yake. Akachukua mbuzi ili niwe na kitu kingine cha kukasirikia zaidi ya kifo. Nani mwingine ana ruhusa hiyo? Hata Mwalimu Salehe na vitabu vyake vyote hawezi.

Andika tena. Sema ulikosea.

Mwaisha, kwa mkono wa Salehe.

(Mimi Salehe: nilifupisha barua yako kwa kumhurumia. Sitarudia, amenitisha.)


Dar es Salaam, 3 Julai 1909

Kwa Bibi yangu Mwaisha.

Shikamoo. Sikulala vizuri tangu nipate barua yako. Lakini jambo hili si jepesi kama unavyoliona kutoka Bigwa.

Anayepeleka mashitaka ya uongo huadhibiwa yeye. Nikiandika kwamba nilikosea, wataniuliza: ulikosea nini? Mbuzi hakuchukuliwa? Alichukuliwa. Ruhusa iliombwa? Haikuombwa. Basi uongo uko wapi? Watasema nimehongwa na Wazigua, au nimerukwa na akili. Na kazi ya karani mkuu itapewa mtu mwingine.

Nimefikiri njia. Wewe nenda kwa akida useme kwamba ulimpa Kibwana mbuzi yule kama zawadi, ila ulisahau kwa sababu ya majonzi. Kesi itakufa yenyewe.

Bibi, nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka wangu wa kwanza hapa, upepo wa bandarini ulichukua kofia ya Bwana mmoja, ukaipeleka ikaketi sawasawa juu ya kichwa cha punda wa kubeba maji. Punda akasimama imara kama anapigiwa saluti. Tulicheka wote, lakini mimi ndiye niliyechelewa kunyamaza. Nilipigwa kofi mbele ya wapagazi, nikaambiwa kwamba serikali haimlipi mtoto, inamlipa mtu mzima. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu mzima. Nimepanda cheo mara mbili. Wenzangu huniita Pazi Jiwe, nami huitika.

Kwa hiyo usinione mkatili. Najua kicheko kinagharimu nini.

Wako,
Pazi


Bigwa, 8 Julai 1909

Kwa Pazi, ambaye si jiwe. Nilikuzaa kupitia mama yako, na sisi hatuzai mawe.

Nimekwenda bomani. Nimetembea mwenyewe, Shamsia kanibebea kikapu cha ugali na mlenda. Askari wa mlango akaniuliza, "Bibi, mfungwa huyu ni nani wako?" Nikamwambia, "Ni mwizi wangu. Fungua."

Nikampa Kibwana habari za hiyo zawadi yako. Amekonda, kamba zimemchubua mikono, lakini aliinuka kama jogoo. "Mimi? Nipewe zawadi na Mluguru? Bora kiboko! Nikitoka hapa na sifa hiyo Wazigua watanicheka mpaka Pangani. Tena huu ugali wako umeupika kwa miguu?" Nikamjibu kwamba nimeupika kwa miguu ili ulingane na mdomo wake. Wafungwa wenzake wakaangua kicheko. Hata askari akageukia ukutani, mabega yanatikisika.

Kisha nikaenda kwa akida barazani. Nikasema, "Akida, niandike na mimi." "Nikuandike nini?" "Mwizi. Baba yake Kibwana alipokufa nilikwenda Dakawa, nikachukua majogoo mawili na mlango." "Mlango?" "Mlango wa nyumba. Niliubeba kichwani, nao wakanifuata nyuma wanalia na kucheka. Hawajanishitaki mpaka leo. Basi nifunge na mimi, tukae pamoja." Akida akaiweka kalamu chini. Mtu wa pwani yule si mbaya. Akasema taratibu, "Bibi, nimekuelewa. Lakini barua iko kwa Mdachi, nami siwezi kuifuta. Aliyeiandika ndiye wa kuifuta. Na Bwana Mkubwa anarudi, kesi ni Ijumaa ya wiki ijayo."

Basi ndiyo hivyo. Mgongo wa Kibwana uko mkononi mwako.

Na hilo kofi. Nililisikia likisomwa, nikamwambia Mwalimu alisome tena. Pazi, mtu yule alikuibia. Kibwana alichukua beberu mmoja, ukaandika barua mbili. Huyu amekuchukulia kicheko chako, kile ambacho ulikuwa ukicheka hapa uani mpaka kuku wanakimbia, nawe humshitaki! Unamsifu kwamba amekufanya mtu mzima! Mimi nimezika mume na watoto watatu, nimelima mlima huu mpaka umenijua, je, mimi si mtu mzima? Nami nacheka kama mtoto. Mtu asiyecheka ni kama nyumba isiyo na dirisha: imara, na ndani giza.

Njoo. Usilete barua, lete uso.

Mwaisha

(Mimi Salehe: hapa aliniamuru nisiongeze neno. Naongeza moja tu: njoo.)


Bigwa, 19 Julai 1909

Kwa mume wangu Pazi, bin Kibuga, mjukuu wa Ahmadi, Mluguru wa Bigwa, mwenye bibi anayejivuna njia nzima.

Najua ulikuwapo. Lakini ulikuwa umepiga magoti, na aliyepiga magoti haoni ila vumbi. Acha nikuambie ulivyoonekana kutoka nyuma, nilikokuwa mimi.

Uliposhuka garini sikukutambua. Koti jeupe, vifungo vya shaba, viatu vinalia kama bata. Nikasema moyoni, huyu amekuja kumaliza kazi yake. Uliniamkia kwa heshima, uso mkavu. Shamsia alinishika mkono.

Watu walijaa uwanja wa boma. Waluguru upande huu, Wazigua upande ule. Bwana Mkubwa mezani, mkalimani pembeni, ngozi ya beberu ukutani, na kiboko mezani kimelala kama nyoka anayesubiri jua. Ukasimama, ukasema kwa Kidachi chao, kisha ukajitafsiria mwenyewe kwa Kiswahili tusikie: kwamba shitaka ni lako, na kosa ni lako, hukujua desturi ya kwenu. Bwana Mkubwa akauliza yale uliyosema atauliza. Mbuzi alichukuliwa? Alichukuliwa. Ruhusa? Hapana. Akanyoosha mkono kuchukua kalamu. Nikafumba macho.

Ndipo mkalimani akamwuliza Kibwana kama ana neno. Nilijua analo! Mzigua anyamaze? "Nina neno," akasema. "Kesi hii haina shahidi. Aliyeibiwa ni mbuzi, na mbuzi hayupo, amekufa bila kutoa ushahidi. Mtani wangu huyu karani ndiye aliyenishitaki kwa niaba yake. Basi na amsemee. Alie kama alivyolia mbuzi siku ile, nijue kama kweli alikataa kwenda nami."

Watu wote wakakugeukia. Pazi, niliona shingo yako ikivimba ndani ya kola ile. Nilijua unalifikiria kofi, na cheo, na kile kiboko pale mezani, maana kumfanyia mzaha Bwana Mkubwa si mchezo, ungeweza kulazwa chini wewe badala ya Kibwana. Nami, Mungu anisamehe, nikasema kimoyomoyo: mwache, ni mtoto wetu, asilie, asije akaumia.

Ukakunja suruali. Ukapiga magoti, mikono miwili mavumbini, vifungo vya shaba vinaburuzika. Ukalia.

Nani alikufundisha kulia vile? Ulikuwa mbuzi mwenyewe! Ulianza kwa kukataa, ukaendelea kwa kulalamika, mwisho ukatoa ile sauti ya mbuzi aliyekwisha ona majani kule aendako na amebadili mawazo. Wazigua walianguka. Waluguru walianguka. Akida alijiziba uso kwa mkono wa kanzu. Mwalimu Salehe (anakataa kuliandika hili, lakini ataliandika) alicheka mpaka kilemba kikafunguka, akakikalia. Nami nikatazama mgongo wako unatikisika, nikadhani unalia machozi, kumbe unacheka. Unacheka hukohuko chini. Nikakisikia, Pazi. Kile cha uani. Ningekitambua hata kaburini.

Bwana Mkubwa hakucheka. Alisimama, akamwuliza mkalimani: mtu huyu anaumwa? Na mkalimani, sijui mama yake ni wa wapi, Mungu amzidishie, akafuta macho akasema: "Hapana, Bwana. Ndivyo wanavyolia msiba."

Hakusema uongo. Hukuwa umemlilia babu yako mbele ya watu bado, mpaka pale.

Ndipo akapiga meza, akasema tuondolewe wote, wendawazimu, na ngozi yetu pia. Akaipasua barua yako vipande viwili. Kamba za Kibwana nilizifungua mimi, nikamwambia ni mlio wa mbuzi tu uliomponya, Mwaisha hasamehi wezi. Akaniambia nizitunze hizo kamba, zitanifaa kufungia meno yaliyobaki.

Najua wewe hukusamehewa. Niliona amekuandika jina kabla hujatoka. Niambie wamekufanya nini, usinifiche. Lolote walilokunyang'anya, mimi nimekuona mbele ya watu wote, nami nilisimama wima kama ninayetawazwa.

Bibi yako, Mwaisha, kwa mkono wa Salehe.

(Mimi Salehe: kilemba ni kweli.)


Dar es Salaam, 30 Julai 1909

Kwa mke wangu Mwaisha, mwizi wa milango, Bigwa.

Shikamoo, na ukiitikia uitikie kwa adabu, mumeo nimeshushwa cheo lakini sijashusha mabega.

Uliniambia nisikufiche. Ukarani mkuu umekwenda kwa mwingine. Kalamu nimenyang'anywa. Sasa nasimamia mizani ghalani, napima pembe na mpira na kopra kutwa nzima, na koti jeupe limerudishwa stoo. Barua hii naiandika kwa kalamu ya kuazima. Siku ya kwanza nilitembea nimeinamisha kichwa kutoka lango hadi mizani. Wapagazi walikuwa wameshapata habari, sijui kwa njia gani, habari hupanda gari la moshi bila tiketi. Nikasikia nyuma yangu mmoja analia taratibu: mee.

Bibi, ule ulikuwa mlio mbaya sana. Ni wa kondoo. Niligeuka nikamwambia hivyo, nikamwonyesha unavyotakiwa. Ghala zima likasimama. Mzee mmoja Mnyamwezi alikaa juu ya gunia akalia machozi, akaniambia kwamba miaka yote ile alidhani mimi sina mama.

Hawaniiti Jiwe tena. Jina jipya sitakuandikia, utalicheka mno.

Nalala usingizi. Nasikia njaa. Jana nimemkumbuka Babu na magoti yake, nikacheka peke yangu njiani mpaka mtu akanipisha.

Mumeo,
Pazi


Bigwa, 12 Agosti 1909

Kwa mume wangu Pazi.

Marahaba, mzee wa mizani. Leo ni maneno machache, Mwalimu ana safari nami sina pumzi.

Mama yake Kibwana amekufa. Mwenye miaka mingi kuliko sisi wote, ndiye aliyenikimbiza na mchi siku ile nilipobeba mlango. Wamemzika juzi. Watu wetu walikwenda kuchimba, wakachimba wajomba zako.

Leo asubuhi wamekuja wajumbe wawili kutoka Dakawa. Nikajua wamenifuata mimi. Nikajifunga kaniki, nikatafuta fimbo, nikaanza kuwaza nitachukua nini safari hii, pengine paa lote. Wakanitazama wakaona haya. Mkubwa wao akasema, "Bibi, usichoke. Kibwana hakukuita wewe. Amesema aje yule karani."

Nilisimama pale mlangoni na kaniki yangu nusu imefungwa. Kazi hii niliifanya tangu sijaota mvi, sikuwahi kupitwa na mtu. Niliona wivu, Pazi, usidhani sikuona. Wivu ukapita, kikaja kitu kingine kikubwa kikanijaa mpaka nikasahau kuwapa wageni maji. Mwalimu Salehe ndiye aliyewapa.

Omba ruhusa kwa wakubwa wako. Wakikunyima, mwambie yule Mnyamwezi ashike mizani. Na usiniulize utafanya nini ukifika, sitakuambia, ukifundishwa haitachekesha. Utaingia, utatazama, utaona. Watu wamejaa pale, wanakula ugali kimya kimya, na Kibwana kaegemea nguzo hasemi na mtu.

Matanga yalikuwa yavunjwe leo. Wamesema hawavunji mpaka ufike.

Mwaisha